Dakika Mbili za Kuzuia Bomu

Jumapili, 4 Mei 2025

Leo nimeingia siasa za dunia! Shangazi Rosebellah amepiga simu kutoka Marekani. Kule anamtunza bibi mmoja mzee, na huyo bibi anaongoza kundi la kina nyanya wanaowasumbua wabunge wao wapunguze pesa za mabomu ya nyuklia. Kila mwezi wanakutana na mheshimiwa wao kwa video. Ijumaa hii wanataka kusikia mfanyakazi Mwafrika anayeishi pande hizi. Shangazi akanitaja. Dakika mbili. Mimi, Jackton, dereva wa forklifti, Al-Sulay, Riyadh!

Na jambo lenyewe linanihusu, wacha mchezo. Bomu likianguka huku, bosi ana chumba chini ya ardhi. Sisi tuna mabati. Naogopa, kusema kweli.

Nikampigia Celestine. Yuko Jeddah, analea watoto wa madam wake. Miaka miwili namwomba nipeleke wazee kwao wakaongee mambo ya ndoa. Akasema nikimaliza jambo moja tu bila kuliharibu, wazee waende. Moja tu! Niliruka nikagonga kitanda cha juu. Titus, mwenye kitanda, akauliza kama ni tetemeko.

Jumatatu, 5 Mei

Absalom amejua. Nani kamwambia? (Mimi. Nilishindwa kunyamaza.) Absalom ni mlinzi wa duka la manukato mtaa wa Al-Sulimaniyah, ana tai tatu na anajiona balozi. Anasema mkutano hauwezi kukosa emsii wa kuuongoza. Nikamwambia nafasi ni moja. Akasema basi atakaa kando yangu, nikizimia aendelee. Ati nikizimia!

Amenunua na taa ya video, ile ya duara. Ya kumulika uso. Uso upi?

Jumatano, 7 Mei

Nimenunua taa kubwa kuliko yake. Si kwa ubaya, ni kujilinda tu. Akiiona ataogopa kuleta yake na tutaishi kwa amani.

Jioni. Absalom amenunua ya pili.

Nimeagiza mbili zaidi.

Celestine amenitungia sentensi: mheshimiwa, punguza pesa za mabomu, maana hata sisi tusiokupigia kura tutakufa nayo. Aisee! Mwili ulinisisimka. Nikamwambia hiyo ni tamu mno, tutaiweka mwisho. Titus akasema nianze nayo. Salamu niseme tu itifaki imezingatiwa, nipite. Huyo hakulelewa vizuri. Utasimamaje mbele ya mheshimiwa bila kuwatambua waliopo?

Ijumaa, 9 Mei

Yalla, twende! Saa kumi na moja jioni. Suti ya kuazima, viatu vinang'aa. Celestine ameingia mkutanoni kutoka Jeddah, nikaona jina lake. Nikawasha taa zangu tatu. Absalom akawasha zake mbili.

Giza! Umeme wa chumba kizima, chali. Chumba chenyewe hakina dirisha. Nikamwambia Absalom azime zake, turudishe umeme. Akasema nizime zangu kwanza. Nikasema yeye kwanza. Tukasimama gizani kila mtu ameshika swichi yake, kina nyanya wanasubiri. Titus ndiye aliyechomoa zote, akawasha balbu ya kawaida. Tulionekana vizuri tu.

Nikaanza. Mheshimiwa. Msaidizi wa mheshimiwa. Bibi mwenyekiti. Kina nyanya mmoja mmoja, kwa sababu majina yalikuwa pale chini ya sura zao, ningeyarukaje? Shangazi Rosebellah nikamwomba asimame watu wamwone. Akasimama, kichwa kikatoka kwenye skrini. Chifu wetu. Askofu wetu. Mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye ametutoka. Hapo ubinadamu ukanishika, nikawaomba wote wamkumbuke kwa dakika moja ya kimya.

Wakainamisha vichwa! Mheshimiwa pia! Nikainua uso, nikavuta pumzi, nikasema, bomu—

Sauti ikakatwa. Muda umeisha. Wakanipungia mkono kwa heshima kubwa.

Celestine ametuma neno moja la Kiarabu: halas, yaani basi, imekwisha. Sikula.

Jumamosi, 10 Mei

Mungu yupo! Shangazi amepiga simu. Bibi anayemtunza amefurahi mno, anasema miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha mheshimiwa yule dakika nzima. Wananitaka tena mwezi ujao. Ila dakika moja tu.

Nikampigia Celestine nikalia bila aibu. Amekubali, mara ya mwisho. Nianze na bomu, la sivyo wazee wabaki makwao na yeye nisimpigie tena. Nimeapa. Nimejifunza! Nimekuwa mtu mpya!

Absalom ameonekana mtaa wa Malaz akiulizia jenereta. Kesho naenda kuulizia kubwa zaidi. Kujilinda tu.

Hotuba iko tayari. Salamu zote kwa pamoja, sekunde tano, kisha bomu. Isipokuwa Askofu. Amesikia kwamba nilimtaja Marekani, akapiga simu mwenyewe, sauti imejaa furaha. Anaomba mwezi ujao atufungulie kwa maombi. Nimemwambia karibu sana, baba, wala usiwe na haraka.