Ombi la Ombwe la Mita Mbili kwa Tatu

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Elimu ya Watu Wazima,

Salamu nyingi kwako na kwa walimu wote. Mimi ni fundi seremala, mume wa yule mama wa dawati la mbele anayeuliza maswali hadi kengele inapopigwa. Nilimwandikisha mwenyewe, kwa hiari yangu, nikidhani atajifunza mambo ya mbali kama mito na sayari. Badala yake mwalimu wenu wa sayansi amemfundisha jinsi sauti inavyosafiri, na tangu siku hiyo sina raha nyumbani kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karakana yangu na jiko vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikijinyoosha juu ya maranda baada ya chakula cha mchana, mlango nimeufunga kwa ndani, mke wangu akiamini niko kazini. Jumanne mwalimu akasema mbao hubeba sauti vizuri kuliko hewa. Jumatano mke wangu akabandika sikio ukutani. Nilipotoka aliniuliza, kwa upole unaotisha, "Baba watoto, ule msumeno uliokuwa unakoroma ulikuwa unakata mti gani?"

2. Lipo bomba la chuma la maji linalotoka kwangu hadi kwa jirani, fundi wa kuchomelea. Sisi ni watu wazima, hatuitani kwa kelele. Mmoja akigonga bomba mara tatu, mwenzake anajua drafti imeshapangwa. Sasa mke wangu amefundishwa kuwa ndani ya chuma sauti hukimbia kwa kasi ya karibu mara kumi na tano ya ile ya hewani. Alhamisi nilirudi kutoka kupeleka kabati kwa mteja, nikamkuta jirani uani kwangu ameinamia ubao, jasho linamtoka. Aliyegonga ni mke wangu. Aliyeshinda pia ni yeye, michezo mitatu mfululizo. Siku hizi jirani akisikia bomba huchungulia kwanza juu ya ukuta.

3. Nikaona isiwe taabu. Nikatundika godoro kuukuu ukutani, nikalala usingizi wa mtu huru. Hazikupita dakika kumi mke wangu akabisha hodi. Akasema vitu laini humeza sauti, kwa hiyo ukimya ule haukuja wenyewe, kuna mtu kautengeneza. Mheshimiwa, nikisikika nakamatwa, nisiposikika nakamatwa. Mtu afanye nini?

Kwa hiyo naomba mwalimu arudie somo na kueleza kuwa sauti hupita hewani tu, kama ilivyokuwa enzi zetu. Ikishindikana, mke wangu ahamishiwe historia, ambako mambo yameshapita na hayanihusu. Na hilo nalo likishindikana: nasikia kuna kitu kiitwacho ombwe, yaani mahali pasipo na chochote, hata hewa, na kwamba hapo sauti haipiti kabisa. Naomba kituo kinipatie ombwe la mita mbili kwa tatu. Fremu nitatengeneza mwenyewe.

Nisalimie mlinzi wa getini, wanafunzi wote, na hata mwalimu wa sayansi, maana binafsi sina ugomvi naye.

Wako mtiifu, ambaye hajalala mchana kwa siku tisa,

Fundi Seremala

Tanbihi: Barua hii uichane. Naituma kwa ajili ya haya maneno ya chini tu. Mama yangu mzazi anaishi nasi, na masikio yalimgomea miaka sita iliyopita. Tunaongea naye kwa mikono. Leo asubuhi mke wangu amemng'atisha ncha ya mwiko wa mbao, ncha ya pili akaigusisha kwenye spika ya redio, akisema mfupa nao hupitisha sauti. Mama akasema mtangazaji ana mafua. Kweli alikuwa nayo. Nikauchukua mwiko nami, nikaukandamiza kooni mwangu, Mama akang'ata upande wake, nikamwamkia. Machozi yalinitoka kabla hajajibu. Akaitikia marahaba, halafu akaniambia niache kupiga kelele, yeye si kiziwi.