Konstebo Jefwa na Breki za Gari la Doria

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nikirudi kutoka Kakuyuni asubuhi nimekanyaga breki, mguu ukazama hadi chini kana kwamba nimekanyaga uji. Nikakanyaga tena. Uji. Mara ya tatu gari likasimama, shibiri moja kutoka kwa mbuzi. Mbuzi hakujua. Mimi nilijua.

Kanuni yasema dereva aandike hitilafu na gari liegeshwe. Kanuni haijui mambo ya dunia. Inspekta Nduku, mkuu wa kituo chetu, ametangaza gwarideni leo kwamba gari jipya la doria laja mwisho wa mwezi. Atalikabidhi kwa dereva asiye na doa. Madereva tuko wawili, mimi na Konstebo Mwambire, na hili gari moja twapokezana. Mwambire hupaka rangi hata soli za viatu. Nikiandika, doa ni langu. Siandiki!

Jumanne, 10 Juni

Mbinu: kilomita kumi na tano kwa saa. Pasipo na mwendo, breki ya nini? Inspekta, aliyeketi kando yangu, akauliza mbona twatambaa. Nikamwambia ni doria ya kuwa karibu na wananchi.

Imefaulu kupita kiasi. Wazee wametusalimu hadi wakafika kwa habari za wajukuu. Mama mmoja amepanda nyuma na gunia la mihogo bila gari kusimama, akashuka kwake vivyo hivyo, akatubariki. Inspekta amesema katika miaka kumi na tisa ya kazi hajawahi kubarikiwa.

Alasiri mwizi wa kuku ametupita kwa baiskeli. Ametupungia mkono.

Jumatano, 11 Juni

Nimempelekea gari Uweis, fundi wa Malindi. Mtu wa mji wa kale, mikono ya grisi, maneno ya msikitini. Ameingia chini ya gari, ametoka akitikisa kichwa. Nikamuuliza vipi.

"Bwana Jefwa, mafuta ya breki yavuja. Mpira wa ndani umekwisha. Niachie siku mbili."

Siku mbili! Kituo kizima kitajua. Nikamwomba aongeze mafuta tu. Akanitazama kama daktari aliyeombwa kumpaka maiti poda. Mwishowe ameongeza.

"Haya yatakufikisha kesho. Ijumaa sikudhamini. Na usimpakie mtoto wa mtu."

Nimemshukuru sana. Ijumaa ni mbali.

Alhamisi, 12 Juni

Breki safi! Asubuhi nimesimama mara nne bila sababu, kwa raha tu. Saa kumi jioni, uji tena.

Na balaa: kesho Inspekta aenda Marafa kwenye baraza la chifu, na njia ile ina mteremko. Nimefikiri hadi chai ikapoa. Kisha mwanga! Niugue. Mwambire atachukua usukani, atakanyaga breki papo hapo uani, atashtuka, ataandika. Doa lake! Wala hakuna atakayeumia, maana langoni hatafika.

Nimemwambia Inspekta tumbo lanikata. Amenipa pole kwa sauti ya mama. Nimeona haya kidogo. Imepita.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike.

Asubuhi nilikuwa kitandani, mgonjwa mwenye furaha. Nikasikia gari likiwashwa, likazunguka uani, likatoka langoni. Likatoka! Kabla sijaamka simu ikalia. Mke wangu Everlyne, aliyekuwa njiani kwenda Marafa kumwona mamake. Akasema Inspekta amemkuta kituo cha magari, amempakia.

"Tena Mwambire aendesha mbio, Baba Pola. Si kama wewe."

Nikamwambia ashuke. Akasema hashuki gari la serikali kwa sababu ya wivu wa mtu. Akakata.

Nilitoka na fulana, nikarukia bodaboda. Mwenye bodaboda akauliza wapi. Nikasema mbele! Tuliwakuta mteremko unapoanza. Nikapita ubavuni nikipiga kelele breki, breki. Inspekta akamwona mgonjwa wake juu ya pikipiki, akaamuru gari lisimame. Mwambire akakanyaga. Nikauona uso wake ukibadilika.

Chini kabisa wanafunzi walikuwa wakivuka barabara na madumu ya maji.

Mwambire akakata usukani kushoto, gari likaingia shamba la mahindi, mabua yakalia kah kah kah, likagonga kichuguu likasimama. Watoto wakasimama barabarani wakitutazama. Mzee Katana, mwenye shamba, akaja, akatusalimu kwanza, ndipo akauliza kama ni msako.

Hakuna aliyeumia. Everlyne akatoka bila kilemba, majani ya mahindi nyweleni. Hakunipigia kelele. Heri angenipigia.

"Ulijua?"

Nikamtazama mwenye bodaboda. Akanidai nauli.

"Ulijua, Baba Pola?"

Nikasema nilijua kidogo.

Inspekta akamgeukia Mwambire, na yeye yakamtoka. Alijua tangu Jumatatu ile ile! Kila zamu alikuwa akipiga pedali mara tatu tatu na kunyamaza, kwa sababu ya hilo hilo gari jipya, akingoja linishinde mimi ili doa liwe langu. Binadamu ana roho mbaya jamani. Sikuamini mwenzangu anaweza kunitendea hivyo.

Inspekta akakaa juu ya kichuguu, akavua kofia.

"Wale watoto ni kumi na wawili," akasema polepole. "Nimewahesabu."

Kisha akaagiza trekta lituvute kutoka shambani.

Jumatatu, 16 Juni

Hukumu. Gari jipya atapewa Konstebo Zainab wa meza ya ripoti, anayeripoti hata taa iliyopata vumbi; sasa yeye ndiye dereva. Mwambire kapelekwa kusimamia kizuizi cha barabarani, jua lote lake. Mimi nimepewa daftari jipya. Kila siku kabla ya zamu nilale chini ya gari, nikague breki, niandike nilichokiona, nitie sahihi. Inspekta amesema ananipa kazi hii kwa kuwa sasa najua uzito wake. Nimeitikia ndiyo afande, na nilikuwa mkweli.

Everlyne bado yuko kwa mamake. Amesema atarudi akisikia nimekuwa mtu.

Jumanne, 17 Juni

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Nimekaa kivulini na kikombe cha chai, na kufikia saa sita nimejaza daftari lote hadi tarehe 31 Agosti. Breki nzuri, sahihi. Breki nzuri, sahihi. Mwandiko umetulia kabisa. Na ili Inspekta asishuku, tarehe 14 Agosti nimeandika zina hitilafu ndogo, na tarehe 15 zimetengenezwa.