Sindano Mbili na Muhuri wa BATILI

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa babu! Binti yangu ameandika kutoka ng'ambo. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, pua yangu. Ametuma tiketi mbili za tarehe 22: yangu, na ya Fundi Saa, baba mkwe wake, ambaye kwa bahati mbaya naye ni babu wa mtoto huyohuyo.

Kisha masharti. La kwanza: bila kijitabu cha njano chenye chanjo ya homa ya manjano, hakuna kupanda ndege. La pili: asiyechanjwa kifaduro hamshiki mtoto, atamtazama akiwa mlangoni. Mwishoni kaongeza kwamba, Baba, nakujua, usianze mambo yako.

Mambo gani? Mimi ni mchonga mihuri, mtu wa heshima. Nusu ya ofisi za mji huu zinaaminiwa kwa sababu ya mkono wangu. Ila sindano siiwezi. Nikiwa darasa la tatu walikuja wachanjaji shuleni, nikazimia kabla hawajafungua sanduku. Tangu siku hiyo sijachomwa, na nimefika miaka hamsini na minane, buheri wa afya.

Jioni Fundi Saa kapita dukani. Ameshachanjwa! Leo hii! Anasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Nimeazimia: mjukuu nitamshika, na sindano sichomwi. Yote mawili.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nilisikia kwamba aliyewahi kuugua ugonjwa hachanjwi tena. Basi nikaenda kliniki, nikamwambia muuguzi wa wasafiri, mama mpole mwenye miwani ya mnyororo, kwamba utotoni niliugua kila kitu. Surua. Tetekuwanga. Kifaduro. Alikuwa anaandika tu, nikanogewa. Nikaongeza pepopunda na homa ya manjano.

Kalamu ikasimama. Akasema kwa mtu aliyepitia yote hayo, ninapendeza. Akanipa kijitabu kitupu, akaeleza kwamba kifaduro na pepopunda hata ukiugua unachanjwa, homa ya manjano lazima kwa safari yangu, na hayo mengine yanathibitishwa kwa kupima damu. Nikauliza damu inatolewaje. Akanionyesha. Sindano yenyewe kubwa kuliko ya chanjo! Ghafla nikakumbuka nimeacha duka wazi.

Nikiwa mlangoni akaniita. Kama mama yangu yu hai, nije naye, huenda anakumbuka.

Alhamisi, 6 Machi

Mama yangu ana miaka themanini na mmoja na kumbukumbu ya mahakama. Njia nzima nilimfundisha aseme niliugua yote. Akaitikia, mwanangu, nimekusikia. Tulipoketi mbele ya muuguzi akasema huyu hajaugua kitu maishani isipokuwa uvivu. Wachanjaji walipopita mtaani, alijificha kwenye pipa la kufulia, wakamkosa.

Kisha akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Akasema aliyeugua kifaduro ni dada yangu, aliyenifuata. Alikaa duniani wiki sita. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Maisha yangu yote nakaa na mama huyu, na sikujua. Niliumia, nasema kweli.

Muuguzi akauliza basi, tuanze? Nikasema Jumatatu. Nadhani nilimaanisha.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika mpaka langoni mwa kliniki. Nikajikaza kisabuni. Akatoka mtoto analia, ameshika mkono wake. Nikarudi.

Saa nane, nani anaingia dukani? Muuguzi! Nikajua kaja na sanduku lake. Kumbe kaja na kazi. Muhuri wa chanjo wa kliniki umeghushiwa, kuna watu wanasafiri kwa vijitabu vya uongo. Anataka muhuri mpya wenye alama ya siri, nukta ndogo ndani ya duara, uwe tayari Alhamisi. Amekuja kwangu kwa sababu ninaaminika. Nikatikisa kichwa. Nikasema watu siku hizi hawamwogopi Mungu.

Akauliza na wewe utakuja lini? Nikasema acha nimalize muhuri kwanza. Alipotoka nilikitazama kijitabu changu kitupu. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 12 Machi

Muhuri umekamilika. Sijawahi kuchonga kitu kizuri namna hii. Nukta imekaa kama punje ya ufuta. Fundi mwaminifu lazima ajaribu kazi yake kabla ya kuikabidhi, na karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa kijitabu changu kitupu. Pa! Homa ya manjano. Nikaandika tarehe 3 Machi, siku ileile ya Fundi Saa, asije akajidai kanitangulia.

Kwenye kifaduro mkono ulisita. Nilimwaza dada yangu ambaye sikumjua. Nikaahidi moyoni kwamba kila nikimshika mtoto nitabana pumzi. Pa!

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya. Nilikwenda uani kunawa wino. Kurudi, namkuta muuguzi amewahi, na kijitabu changu kiko mkononi mwake. Anakisoma taratibu. Akauliza: muhuri huu umezaliwa wiki hii, iweje umefanya kazi tarehe tatu?

Njia ya mwongo fupi. Akatoa muhuri mwingine mkobani, akaugonga katikati ya ukurasa: BATILI. Niliuchonga mwenyewe miaka sita iliyopita! Herufi bado kali, hata moja haijalika. Hata katika aibu ile nilijivunia.

Akasema anaweza kunishtaki, au naweza kugeuka nitazame barabarani. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama pale na mkoba wake. Alikuwa amekwenda kliniki kuniulizia, akaja naye. Wakanichukua mmoja huku, mmoja kule, kama mwizi wa kuku. Kwenye kiti cha kliniki nilifumba macho nikauliza wataanza lini. Sikusikia jibu. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, Mama ananipepea na kijitabu kipya. Zote mbili, kila bega moja. Hata sikusikia! Nilijua tangu zamani si kitu.

Nikasema haya, safari. Muuguzi akahesabu kwa vidole. Chanjo ya homa ya manjano inatambuliwa baada ya siku kumi. Yaani tarehe 23. Ndege ni tarehe 22.

Siku moja! Jana ningekwenda kuchomwa badala ya kuchonga, ningesafiri. Nilimsihi aandike 12. Akaninyooshea kidole kule kwenye muhuri wa BATILI.

Jumamosi, 22 Machi

Fundi Saa ameondoka. Alifika uwanja wa ndege saa sita kabla ya wakati. Kaniaga, kaniambia mkwe, nitamsalimia mtoto kwa niaba yako. Binti kasogeza tiketi yangu hadi tarehe 29. Hakugomba. Alisema Baba tu, akavuta pumzi. Afadhali angegomba.

Jumatatu, 24 Machi

Picha imefika. Mjukuu wangu amelala mikononi mwa Fundi Saa. Chini kaandika kwamba pua ni ya ukoo wao. Sikula mchana.

Jumapili, 30 Machi

Nimefika! Binti alikagua kijitabu ukurasa kwa ukurasa, akakisugua kwa kidole, akakinusa wino. Kisha akaniambia niketi, akanipa mtoto.

Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Anapumua haraka haraka, kifua kinapanda na kushuka. Nikamweleza juu ya dada yangu mdogo, bibi yake wa wiki sita. Nililia, sioni haya. Nilijiambia sindano ile ningechomwa hata mara kumi. Kubana pumzi kulinitoka kichwani kabisa, na haikudhuru.

Kisha Fundi Saa akatazama saa yake. Akasema nusu saa imekwisha. Kumbe kapanga zamu! Yeye asubuhi, mtoto akiwa macho na anacheka. Mimi mchana, mtoto akiwa amelala au anachafua nepi. Eti aliyetangulia ndiye hupanga.

Jumanne, 1 Aprili

Uvumilivu una mwisho. Binti ana sharti lake: asiye na kijitabu halali hamshiki mtoto. Vijitabu vyetu viwili anaviweka pamoja kwenye droo ya sebuleni, kimoja juu ya kingine. Na mimi kisu changu cha kuchongea nilikuja nacho, ndani ya soksi, kwenye sanduku kubwa. Fundi haachi mkono wake nyumbani.

Nimechukua raba ya kufutia. Fundi Saa alikuwa kwenye zamu yake, anamwimbia mtoto bila sauti nzuri wala haya. Dakika ishirini, kazi imekwisha: BATILI. Nzuri kuliko ile ya kliniki! Wino nimetoa kwenye kalamu.

Nikafungua droo. Miwani niliiacha jikoni, lakini akili sikuiacha. Fundi Saa ndiye aliyetangulia kufika, kwa hiyo cha juu ni chake. Nikafunua, pa! Katikati ya ukurasa. Nikarudi kuketi, nikasubiri haki itendeke.

Binti kaja baadaye na kijitabu mkononi, uso umekauka. Kauliza hii ni nini, Baba. Nikasema masikini Fundi Saa, nani angedhani. Akanisogezea nisome jina.

Aliyetangulia huwa chini. Kiwekwacho mwisho ndicho huwa juu. Nimekuwa fundi miaka thelathini na tano, na hilo halikunijia.

Sasa niko mlangoni. Namtazama mjukuu kwa mbali, mikononi mwa Fundi Saa, mpaka muuguzi wa kwetu aandike barua ya kuthibitisha kwamba nilichanjwa kweli. Bila barua hiyo, kasema binti, hata ndege ya kurudi sipandi. Itachukua wiki mbili, kama muuguzi atakubali kuniandikia.

Wiki mbili ni nyingi, nami barua ya muuguzi yule naijua ilivyo. Muhuri wake niliuchonga mimi, nukta ndogo ndani ya duara. Raba imebaki nusu.