Dole Gumba la Babu

Sibwesa, Jumatatu, 3 Novemba 1997
Ushindi! Maksai wa jirani yangu Masalu walikuwa wananilimia shamba, plau ikafukua rupia ya fedha. Ya Mjerumani, 1910, mfalme kavaa kofia yenye ndege tai juu. Masalu kadai ni yake, kwa kuwa ng'ombe ni wake. Nimemuuliza, mahindi yakiota atayadai pia? Kanijibu kwamba kwa jembe langu la mkono ningefukua mchwa tu. Hoja ya kihuni! Mwenyekiti Gaudensi ataamua Jumamosi. Hadi hapo nikae nayo. Nimeisugua kwa majivu na ndimu. Inameremeta.

Jumanne, 4 Novemba
Ajabu! Nimeikagua tangu asubuhi huku nikila mayai ya kuchemsha. Kufika jioni imegeuka rangi: manjano, zambarau, kisha buluu, kama mafuta ya taa kwenye dimbwi. Na juu ya shavu la mfalme, mistari. Alama ya dole gumba! La nani? Babu yangu alikuwa mpagazi wa Wajerumani. Fedha haimsahau aliyeishika! Mke wangu Lidia kasema ninawe mikono. Sayansi haijawahi kungoja sabuni.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeazima pedi ya wino ofisini kwa kijiji. Nitachukua madole ya watu wote, nithibitishe hakuna aliye hai mwenye dole kama lile. Kufika saa nne kijiji kitupu. Wamedhani ni kodi, wamekimbilia porini. Kabaki Bibi Médiatrice, kwa sababu ya magoti. Kauliza akichovya dole atapewa mbegu? Nimemwambia atapewa ukweli. Kaficha mkono ndani ya khanga.

Jumamosi, 8 Novemba
Baraza. Nimehutubia saa nzima, nikianzia ukoloni. Gaudensi kashika lenzi ya fundi saa, kampima Masalu. Silo. Akaniambia na mimi nichovye. Sikuona ubaya.
Mstari kwa mstari. Hata kovu langu la panga, pale pale katikati.
Masalu kainama kwa adabu: "Shikamoo, Babu. Ulifariki lini?" Watu wamecheka mpaka benchi limevunjika. Lidia, mke wa ndoa, akawaeleza kwamba mayai hubadili rangi ya fedha, nami niliishika bila kunawa. Gaudensi kasema anayejitengenezea ushahidi ameshajihukumu. Rupia kapewa Masalu.

Jumapili, 9 Novemba
Masalu kaitoboa! Kamvisha shingoni maksai wake, eti ndiye mgunduzi. Miaka themanini na saba ya historia, sasa inatikiswa na mnyama anayecheua.
Nimetafakari. Dole hurithiwa, kama pua. Na kovu? Kwani Babu hakuwa na panga?
Tena kuna jambo zito zaidi. Maksai aliyevishwa siye aliyekokota plau Jumatatu. Nina hakika. Nimewahi kusoma kwamba pua za ng'ombe hazifanani, kila mmoja na mistari yake. Wino umebaki nusu pedi. Alfajiri naingia zizini.
Nimemwomba Lidia mayai mawili ya njiani.