Wimbo wa Malaika kwa Herufi za Miiba

Jumatano, 24 Septemba 1884. Bagamoyo.
Limefunguliwa sanduku la herufi za risasi, zawadi kutoka Ulaya kwa chumba chetu cha chapa. Sijapata kuona mfano wake. Mwili mnene, mweusi. Viungo vyembamba kama unywele. Na kila mguu umeishia ncha kali kama mwiba. Nimezitazama hata sala ya adhuhuri ikanipita. Mungu anirehemu.
Padri Mkuu ameagiza nipige chapa wimbo mpya wa Malaika Mikaeli, ili watu wausome wakiimba siku ya sikukuu yake, Jumatatu. Ukimpendeza, bila shaka nitakabidhiwa kanisa jipya la Mkange. Mwalimu mwenzangu Dominiko naye analitamani. Hana ila sauti.

Alhamisi, 25.
Dominiko ameingia bila kubisha. Kwa maoni yake, herufi hizi zafaa mstari mmoja tu wa juu, zikijazana zitagombana. Sikumwomba maoni. Je, Malaika Mkuu, mwenye upanga, aandikwe kwa herufi za tangazo la mnada? Beti zote nimezipanga kwa herufi mpya.

Jumamosi, 27.
Karatasi zimetoka. Wino umeziba matundu ya herufi, na viungo vyembamba havikushika. Nimejituliza kwamba waumini watajazia wenyewe.

Jumatatu, 29. Sikukuu ya Mikaeli.
Natamani kutotajwa tena duniani. Nilisimama mbele kuongoza, nikainua karatasi, na mimi niliyeipanga sikuweza kuisoma. Bibi Gertruda, aliyejifunza kusoma uzeeni, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Mwalimu Hieronimo, huu ni wimbo au ni ua wa kuzuia mbuzi?" Watu wakacheka mbele ya altare. Ndipo Dominiko, aliyeuhifadhi kichwani, akautoa mstari kwa mstari, nao wakamfuata. Kabla hatujatoka, Padri akamtangaza kuwa mwalimu wa Mkange.
Jioni Padri aliniita. Akanena kwa upole, na upole huo uliniumiza zaidi. Herufi hizo, akasema, zina mahali pake: jina la sikukuu au la mtakatifu, mara moja, juu, na karatasi iliyobaki iwe nyeupe. Nikapiga magoti nikaahidi. Nimejiona mtu wa majivuno, na nimejichukia.

Jumanne, 30.
Nimetii kwa ukamilifu. Leo ni sikukuu ya somo wangu, mtakatifu ambaye nina jina lake. Nimepiga chapa jina moja tu, juu, chini peupe, nikalibandika mlangoni pa kanisa. Neno "Mtakatifu" nimelipanga kwa herufi ndogo za kawaida, kwa ajili ya unyenyekevu. Mtu akiwa njiani husoma HIERONIMO basi.
Dominiko anaondoka kesho. Nimempa karatasi ya pili, nikamsihi kidugu aibandike mlangoni kule Mkange.