Mkurugenzi Huru wa Karakana ya Mama

Jumatatu, 3 Juni
Nimemaliza kitabu cha maktaba kuhusu bodi za wakurugenzi. Kumbe ndiyo maana karakana ya Mama haiendelei: haina bodi! Ina cherehani mbili, Mama, Shangazi na pasi. Zabuni ya majoho arobaini ya mahafali inafunguliwa Ijumaa. Tukiikosa, Mama atafunga mlango arudi kushona kwenye karakana za watu. Nimeapa haitatokea. Kimoyomoyo, maana Shangazi alikuwepo.

Jumanne, 4 Juni
Bodi imeundwa. Mama mwenyekiti. Kitabu kinataka wanawake, tunao tele. Kinataka uzoefu, Mjomba alikaa serikalini miaka tisa (getini, lakini uzoefu ni uzoefu). Amekosekana mkurugenzi huru, asiye ndugu wala mwajiriwa. Kwetu kila anayeingia ni ndugu. Hata mteja wa suruali leo ameishia kuwa binamu. Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Yupo mmoja tu: Fundi Makoti wa ng'ambo ya barabara, asiyesalimiana na Mama mwaka wa tatu huu. Huru kuliko huyo hakuna! Nimemsukumia barua chini ya mlango, nikatimua mbio.

Jumatano, 5 Juni
Kikao cha kwanza. Fundi Makoti kawahi, na kalamu. Mama alinivuta nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akaniuliza kama nina homa. Nilimwomba aniamini. Akanitazama sana, akatoka, akampangusia mgeni kiti. Mjomba akasinzia. Nikasoma bei yetu ya zabuni kwa sauti, kwa ajili ya uwazi. Mkurugenzi huru aliomba nirudie. Mtu makini!

Ijumaa, 7 Juni
Zabuni kapata Fundi Makoti. Bei yake imekuwa chini ya yetu kwa thamani ya kifungo kimoja. Shangazi kanisema, maneno mengine sijawahi kuyakuta kitabuni. Mama alikata uzi kwa meno.

"Wewe umemwalika, mimi nimempangusia kiti," alisema. "Tumeshirikiana, mwanangu. Njoo ule."



Jumatatu, 10 Juni
Fundi Makoti kavuka barabara na vitambaa begani. Ana cherehani moja, na majoho yanatakiwa wiki ijayo. Kamwamkia Mama kwanza. Mama akamwacha asimame kidogo, kisha akachukua majoho thelathini. Mlango haufungwi!

Shangazi anasema ni bahati. Bahati gani? Mkurugenzi huru mmoja, majoho thelathini. Wawili, sitini. Nimeshaandika barua kwa mafundi wote wa mtaa wa pili.