Turubai Lisilo na Mkunjo

Tulieni, enyi waungwana wa nyua na vibaraza, wekeni vikombe chini, mpate kusikia habari za Fundi wa cherehani, Simba wa Mkasi, Mwenye Futi Shingoni, siku alipotoka kupigana na mbingu kwa turubai la buluu, miti minne na kamba za katani.

Chanzo cha vita kilikuwa mama mkwe. Bibi huyo mtukufu alikuja kumwona mjukuu, akakuta chumba chao kimoja kimemezwa na vitambaa vya wateja, na kichanga kimelazwa baina ya suruali mbili zisizo na pindo. Akakibeba, akatoka nacho uani, akaketi kigodani kama kadhi, wingu limetanda juu yake, akatoa hukumu.

"Mwanangu, mimi sikai kwenye matambara. Nakaa hapa hapa. Tone moja tu likimgusa mjukuu wangu, naondoka naye, na mama yake anafunga mfuko wake anifuate."

Moyo wa Fundi ulishuka hadi kwenye ndala. Mkewe ndiye nuru ya macho yake, na kile kichanga ni nuru ya nuru hiyo. Hata hivyo alijitutumua, akainua nyundo.

"Mama, mbingu na zipasuke. Hamtalowa."

Akachimba, akasimika, akafunga. Na kwa kuwa mkono wake haukupata kutoa kazi iliyopinda, alipima kila mti kwa futi, akalivuta turubai pande zote likanyooka mfano wa meza ya kupigia pasi. Mkewe, akipita na beseni, alimnong'oneza kwamba upande mmoja ushuke, maji yapate njia. Shujaa akacheka kwa huruma. Yeye apindishe kazi mbele ya mkwe?

Mvua ikaja na majeshi yake. Turubai halikuvuja hata kidogo. Lilifanya baya zaidi: lilishika mimba ya maji. Tumbo likatuna, likashuka, likabakiza kiganja kimoja kufikia kilemba cha bibi, kamba zikilia kama zeze bovu. Bibi akatazama juu, kisha akamtazama binti yake. Binti, akiuma midomo asicheke, akauliza ule mfuko uko wapi.

Hapo Simba wa Mkasi akafumba macho, kama mtu anayekata kitambaa cha harusi bila kipimo, akaukumbatia mti wa kona ya mbali, akaung'oa, akauinamisha. Turubai likaenda upande. Mto mzima ukavunja ngome, ukamshukia yeye utosini, ukapita ndani ya shati, ukatokea miguuni.

Bibi akapapasa kichwa cha mjukuu, shingo, visigino. Pakavu. Kichanga kikapiga mwayo.

"Limekaa vibaya," akasema.

"Vibaya sana, mama," akajibu Fundi, akitetemeka, ameushikilia mti usiinuke.

"Basi usilinyooshe."

Na iandikwe katika kumbukumbu za ua ule, baina ya kamba ya kuanikia na bomba la maji, kwamba alasiri hiyo mtu mmoja alisimama mvuani hadi ilipokatika, ameshika mti uliopinda, na watu wake wote walikuwa wakavu.